Alama ya Kujumlisha

Karatasi yenyewe haikuzidi kiganja cha mkono. Ilichanwa kwenye kitabu cha maabara, ikaandikwa kwa kalamu ya bluu jina langu, umri wangu wa miaka 19, na jina la kipimo: cha selimundu. Mbele ya jina hilo palikuwa na alama moja ya kujumlisha. Basi. Hapakuwa na maelezo, wala "rudi umwone daktari". Ilikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, kichwa kimejaa ndege.

Kwetu ni Akheri, juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru. Mtoto wa huko huzijua ndege kwa masikio kabla hajazijua kwa macho, kwa sababu migomba imefunika anga. Anasikia mkoromo wa injini moja anasema hiyo ni Caravan ya watalii imetoka Kisongo. Anasikia ngurumo nzito ya usiku anajua hiyo ni ya Wazungu inatua KIA. Nilikuwa na habari za chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kile ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikianzisha mwaka 1971, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kikabaki mikononi mwa Waganda, kama jembe la marehemu linavyobaki kwa ndugu aliyekuwa jirani. Nilijaza fomu za kuomba udhamini, nikaambiwa nitangulize vipimo vya damu.

Mzee aliyepokea fomu, katika ofisi moja mjini, alikuwa mtu mwema. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akaisoma ile karatasi, akaivua miwani.

"Mwanangu, una siko seli," alisema kwa sauti ya kuficha, maana foleni ilikuwa nyuma yangu. "Huko juu hewa ni ndogo. Utatuulia watu. Tafuta kazi ya chini."

Nikatafuta kazi ya chini. Nisiwe mnafiki: hata bila karatasi ile, ada sijui tungeitoa wapi, na hesabu zangu hazikuwa za kumtisha mtu. Lakini mlango uliofungwa kwa kukosa ada ni mmoja, na mlango uliofungwa kwa sababu umeambiwa u mgonjwa ni mwingine. Kwa miaka zaidi ya 20 nilijihesabu mgonjwa wa ugonjwa ambao haujawahi kunilaza hata siku moja. Nilikuja kujua ukweli nikiwa mtu mzima, siku nilipoambatana na familia kumpima mtoto wa dada yangu. Mimi ni mbebaji tu. Nimerithi kinasaba kimoja cha selimundu kwa mzazi mmoja na kingine kizima kwa mzazi wa pili. Madaktari hutuandika AS. Mgonjwa ni SS, aliyerithi kwa pande zote mbili. Ile alama ya kujumlisha ilikuwa haitofautishi.

Hapo ndipo niliposhikwa na hamu ya kuifuata nyuma. Ilitoka wapi, na nani aliibeba kutoka kwenye darubini mpaka kwenye mlango wa marubani?

Njia hiyo, kwa bahati, inapita milimani kwetu.

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikuja Mlima Kenya. Ndani yake alikuwamo mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia shambani katika Bonde la Ufa, karibu na Gilgil. Wenzake walikuwa na shughuli zao za mlimani. Yeye alikusanya damu. Aliwapima watu wa pwani, wa ziwani na wa nyanda za juu, akaona jambo lisiloeleweka. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na damu inayojikunja kama mundu. Kwenye nyanda za juu za Kenya hawakufika hata mmoja katika 100. Watu wa nchi moja, masoko mamoja, na wengine lugha za ukoo mmoja, lakini damu imegawanywa kwa mwinuko wa ardhi.

Allison akashuku mbu. Alirudi mwaka 1953, akiwa sasa daktari kamili. Uganda aliwapima watoto wa Buganda akakuta wenye alama ya mundu wana vimelea vya malaria wachache kuliko wenzao. Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelitupa nje kabla ya chai ya saa nne: aliwachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, nusu wabebaji na nusu si wabebaji, akawaambukiza malaria kwa makusudi, kisha akawatibu. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walishikwa. Kati ya 15 wabebaji, walishikwa 2. Matokeo yalichapishwa London Februari 1954. Mwaka huohuo alichapisha ramani iliyotokana na damu za watu karibu 5,000 wa Afrika Mashariki, na ukiitazama ramani hiyo unaona malaria tupu. Waamba wa chini ya Rwenzori wanafika watu 40 katika 100. Wachaga na Wakikuyu wa milimani, na Wamaasai, wako chini kabisa.

Sasa niweke wazee wangu juu ya ramani hiyo. Baba ni Mmeru wa Akheri, mtoto wa mlima, na mlimani usiku kuna baridi. Kimelea cha malaria kali kinahitaji joto ili kikomae tumboni mwa mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi kinakwama. Mama ni mtu wa Musoma. Alikuja Tengeru kusoma, akakutana na baba, na bibi yangu wa Akheri hakuacha kulalamika kwamba mwanawe ameoa mbali. Ule umbali aliokuwa akiulalamikia bibi ndio uliomo ndani ya damu yangu. Kinasaba kimoja cha baridi, kimoja cha ziwani. Kile cha ziwani ndicho kilichowavusha wazee wa mama yangu kwenye malaria za utotoni, kizazi baada ya kizazi, ndipo mimi nikapata wa kunizaa. Ndicho hichohicho kilichoandikwa alama ya kujumlisha.

Kama mtu anataka kuiona ramani ya Allison kwa miguu bila kutoka Mkoa wa Arusha, apande gari la Karatu. Nilifanya hivyo. Unaondoka mjini, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na sweta yako. Unapita Kisongo, unapita Makuyuni, barabara inashuka, sweta inavuliwa, na chini ya ukuta wa Bonde la Ufa unafika Mto wa Mbu. Wazee hawakuupa mji jina hilo kwa utani. Kuna migomba, kuna mpunga umesimama majini, na jioni kuna sauti ile nyembamba sikioni. Mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenye barabara za Arusha ambako watu wanalala na mablanketi mawili.

Tena upande wa magharibi wa mlima, Ngaramtoni, ipo iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Chimbuko lake ni kitengo cha kikoloni cha utafiti wa viuadudu kilichoanzia Entebbe na kuhamia Arusha miaka ya 1950. Watu wake walikuwa wakijaribu kunyunyiza dawa kwa ndege, na walishiriki katika mpango wa kupambana na malaria wa Pare na Taveta uliomalizika 1959. Nilisimama nje ya uzio wao nikicheka peke yangu. Miaka ileile ambayo Allison alikuwa akionyesha kwamba mundu ni kinga ya malaria, Arusha ilikuwa ikitafuta namna ya kumpiga mdudu kutoka angani. Ndege, mbu na damu vilikuwa vimekaa jirani kwetu siku zote. (Na ndiyo miaka ambayo Wameru wa Ngare Nanyuki walifukuzwa kwenye ardhi yao, na Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuisemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ni njia nyingine, lakini huwezi kuzunguka mlima huu ukiongea habari za miaka hiyo bila kumtaja.)

Nilitaka pia kukiona kipimo chenyewe kikifanya kazi. Rafiki yangu mmoja wa maabara alinikalisha kwenye kiti kirefu, akanichoma kidole, akachukua tone dogo kuliko punje ya mtama. Akalichanganya na tone la dawa iitwayo sodiamu metabisalfaiti, ndugu wa zile zinazowekwa kwenye mvinyo na matunda makavu yasiharibike. Akafunika kwa kigae cha kioo, akaziba kingo kwa vaselini ili hewa isiingie. "Sasa tunangoja," akasema, akaenda kunywa chai.

Aliporudi akanipa darubini. Mwanzoni niliona kile ambacho kila mtu anacho, chembe za mviringo zilizobonyea katikati kama maandazi yaliyokaa vibaya kwenye mafuta. Kisha, pembeni, moja ikawa imechongoka. Nyingine imekunjwa. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa mindu mitupu, ileile tunayokatia majani ya ng'ombe Akheri, ncha mbili na mgongo. Ilinitisha. Ile ni damu yangu na nilikuwa nimekaa pale mzima, nimetoka kula mtori.

"Usiogope," rafiki yangu akasema. "Hii dawa imeinyonya oksijeni yote. Hakuna mwili ulio hai unaofika hapa. Tumeiuliza damu yako: ukinyimwa hewa kabisa, utafanya nini? Imejibu. Ya mgonjwa nayo ingejibu hivyohivyo."

Swali ni hilo tu, na kwa kazi ya Allison lilitosha. Alitaka kujua nani ana kinasaba, awe na kimoja au viwili. Kwa daktari wa marubani halitoshi hata robo. Yeye anapaswa kuuliza ni kiasi gani, na pamoja na nini. Jibu la swali hilo lilikuwa limepatikana tangu 1949, pale Linus Pauling na wenzake wa California walipoonyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa inakimbia tofauti ikiwekwa kwenye umeme. Ya kawaida, A, inatangulia. S inabaki nyuma. Mgonjwa ana mstari mmoja wa nyuma. Mbebaji ana mistari miwili, na ule wa A ndio mnene zaidi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kutofautisha. Lakini kipimo cha umeme kinataka mashine, umeme usiokatika na mtu aliyesomea. Cha vaselini kinataka kioo na darubini. Nyeti kikabaki mijini, rahisi kikaenda kila mahali.

Na kikaenda jeshini.

Mwaka 1950 jarida moja la madaktari wa Marekani lilichapisha onyo kuhusu hatari ya safari za ndege kwa watu wenye damu ya mundu. Watu kadhaa walikuwa wamepanda ndege za enzi hizo, ambazo hewa ya ndani ni ileile ya nje, wakashikwa na maumivu makali ubavuni, kumbe sehemu ya bandama imekufa kwa kukosa damu. Walikuwa wamepimwa kwa kioo na dawa. Mwaka 1955 madaktari wa Johns Hopkins waliwarudia wagonjwa wa namna hiyo kwa kipimo cha umeme. Kadhaa wakaonekana si wabebaji wa kawaida kama ilivyodhaniwa. Walikuwa na S upande mmoja na kasoro nyingine ya hemoglobini upande wa pili, hali ambayo ni ugonjwa kamili. Kioo kilikuwa kimewaweka wote kapu moja. Onyo hata hivyo lilishatoka, na onyo lina miguu kuliko sahihisho.

Kati ya 1968 na 1969 vijana wanne weusi walikufa wakiwa katika mafunzo ya awali ya jeshi pale Fort Bliss, Texas. Wote walikuwa wabebaji. Madaktari waliotoa taarifa mwaka 1970 walitaja mwinuko wa kambi: futi 4,060, kama mita 1,240 hivi.

Nilipofika kwenye namba hiyo niliweka kalamu chini. Kiwanja cha Kisongo kiko futi 4,550. Shule ya msingi niliyosoma iko juu zaidi ya hapo, na nilicheza mpira pale kila siku saa kumi jioni, peku, mpaka giza likatufukuza. Mwinuko uliotajwa Texas kama tishio ni uwanja wetu wa chandimu.

Vifo vile vilikuwa vya kweli na havifai kudharauliwa. Utafiti uliofuata, uliochapishwa 1987, ulionyesha kwamba kati ya askari wapya weusi wa Marekani, wabebaji walikuwa na hatari ya kufa ghafla mazoezini mara 28 kuliko wenzao. Lakini muuaji mkubwa alikuwa jua, kiu na sajenti anayepiga kelele "kimbia", si urefu wa kilima. Askari walipoanza kupumzishwa na kunyweshwa maji kwa utaratibu, hesabu ilibadilika: mwaka 2016 uchunguzi wa wanajeshi weusi karibu 48,000 haukuona wabebaji wakifa zaidi ya wengine, ingawa misuli yao ilikuwa na hatari zaidi ya kuvunjika kwa kazi nzito. Hatari ipo, basi, na ina anwani yake. Nyumba iliyovunjwa mlango ni nyingine.

Maana miaka ya 1970 Marekani iliingiwa na homa ya kupima. Kilikuwa kimetoka kipimo cha chupa, rahisi kuliko hata cha kioo: damu inamiminwa, maji yakichafuka umeonekana nacho, na mbebaji na mgonjwa wote wanachafua maji. Pauling mwenyewe, mwenye tuzo mbili za Nobel, aliandika mwaka 1968 kwamba wabebaji vijana wachorwe alama kwenye paji la uso wasije wakaoana. Sijawahi kumsamehe. Majimbo kadhaa yalitunga sheria zilizochanganya kubeba na kuumwa, bima zikapanda, baadhi ya mashirika ya ndege yakawaondoa angani wahudumu weusi. Mwaka 1973 kamati ya wanasayansi iliyoombwa ushauri na jeshi ilisema wabebaji wapokelewe jeshini, ila wasifundishwe urubani mpaka ijulikane zaidi. Chuo cha Jeshi la Anga pale Colorado, kilichojengwa zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, kiliwafungia kabisa. Mmoja wa vijana waliotolewa alikuwa mwanariadha. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka 1981 Jeshi la Anga likaondoa katazo.

Kuna mtu mmoja katika habari hii ningependa kukaa naye kwenye benchi. Dk. Vance Marchbanks alikuwa daktari wa marubani weusi wa Tuskegee, wale karibu 1,000 waliofundishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambao baadhi yao walirusha ndege za kivita juu ya Ulaya. Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, Marchbanks alikuwa Kano, Nigeria, anasoma mapigo ya moyo wa Glenn yakipita juu ya Afrika. Baadaye alifanya jambo jepesi ambalo wakubwa hawakuwa wamelifanya: aliwatafuta wazee wa Tuskegee, akawapima. Baadhi yao walikuwa wabebaji. Walikuwa wamepigana vita nzima angani bila kujua, na bila kudondoka. Makala yake ilitoka 1980, katazo likiwa bado lipo.

Niliazimia kumaliza njia hii kwa miguu. Nikaenda Momella, lango la Hifadhi ya Arusha, mita 1,500. Huruhusiwi kupanda Meru bila askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na askari wetu alikuwa kijana mpole aliyetembea kama anayekwenda sokoni. Wagumu walitupita na mizigo kichwani wakiongea habari za Simba na Yanga. Nilikunywa maji kila nilipoona kivuli. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu, kanzu nyeusi na mkia mweupe, na njia ilipoanza kuinuka pumzi yangu ikawa ya mtu aliyekaa sana ofisini. Hiyo si selimundu, ni chapati.

Baada ya mwendo wa saa nne na ushee tukafika Miriakamba, kibanda cha kwanza, mita 2,514. Nikakaa kwenye ngazi za mbao. Ndege kubwa za abiria, zikiwa futi 35,000 huko juu, hutakiwa kuweka hewa ya ndani isizidi ile ya futi 8,000, yaani mita 2,440 hivi. Kwa maneno mengine, rubani wa Boeing anayetoka Amsterdam kuja KIA anafanya kazi safari nzima katika hewa ya chini kidogo ya pale nilipokuwa nimekaa. Amekaa kwenye kiti, ana kahawa. Mimi nilikuwa nimepanda kwa miguu, nina miaka mingi na tumbo, na damu yangu ilikuwa ikizunguka kama ya mpishi wetu, ambaye alikuwa anamenya viazi akiimba.

Kileleni, mita 4,566, sikwenda. Kule juu kabisa mbebaji anaweza kupata shida ya bandama kweli, na yule mzee wa ofisi ya fomu hangekuwa amekosea kila kitu. Nililala Miriakamba, nikaona Kilimanjaro ikigeuka rangi, nikashuka.

Wiki iliyofuata nilipanda kifodi mpaka Kisongo. Nje ya uwanja kuna mama anauza chai na vitumbua, na marubani wa ndege ndogo hupita pale kabla ya safari za Seronera. Nilikaa karibu na mmoja, kijana wa umri wa kuwa mwanangu, shati jeupe, mabega na mistari. Tukaongea. Aliniambia kwamba anayelipwa kwa kurusha lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kila mwaka anarudi: macho, masikio, mkojo, moyo, damu. Akifika 40 na bado anabeba abiria peke yake bila rubani mwenza, kanuni za kimataifa zinamtaka arudi kila miezi 6. Mzizi wa yote ni Mkataba wa Chicago wa 1944 na kiambatisho chake cha kwanza, kilichopitishwa Aprili 1948. Ndani yake kuna kipengele ambacho laiti ningekijua 1998: mtu akikosa kigezo, faili halifungwi hapohapo, madaktari wabobezi wanaweza kukaa, kuitazama kazi yenyewe na hali yake yenyewe, wakasema anaweza. Na mwongozo wa tiba ya anga wa ICAO humzuia mwenye ugonjwa wa selimundu, si mbebaji.

"Mimi AS," alisema, kama mtu anayetaja timu yake. "Bibi zangu wa Mwanza. Waliandika, wakapima kwa umeme, wakaweka asilimia, daktari akasaini. Nakunywa maji tu, mzee. Caravan haina hewa ya kujazwa, ukikaa juu ya futi 10,000 zaidi ya nusu saa unavaa oksijeni. Lakini hiyo ni ya kila rubani."

Nikatoa kwenye pochi ile karatasi ya 1998. Imekuwa laini kama kitambaa, bluu imefifia, lakini alama ya kujumlisha inasomeka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mzee," akauliza, "ukurasa wa pili uko wapi?"

Nikamwambia ni huohuo mmoja. Aliitazama kidogo tena, akanirudishia, akamlipa mama chai yake na yangu. Simu yake ililia. Abiria wake 9 walikuwa wamefika.